Mlango wa Ambokile

Mkono ulikuwa na miaka kumi na saba. Mwenye mkono alikuwa na arobaini na moja. Ukitaka kujua ugomvi wa siku ile ulianzia wapi, anzia hapo.

Gari lilikuwa linapanda kilima cha uwanja wa mbio wa Isyonje, ukungu wa milima ya Uporoto umelala juu ya lami na hauna haraka ya kuondoka. Tusajigwe Mwakalobo, ambaye nusu ya Mbeya inamwita Tusa tu, alishika usukani kwa glavu nyembamba zenye nyuzi ndani, na zile nyuzi zikamshika yeye. Ndivyo mkono wa akiba ulivyofanya kazi. Haukusema, haukuuliza. Ulikaza kidole kabla hujafikiria kukikaza, ukauzuia mguu usiwahi breki pale ambapo miaka mingi ya kuvunjika mbavu ilikuwa imeufundisha kuwahi. Kona ya pili, ya tatu, ya nne, Tusa alikuwa tena binti asiyejua kwamba mifupa huuma wakati wa masika.

Ikafika ya tano, na mkono ukafanya vituko vyake. Ukalisogeza gari kushoto kidogo, upana wa gari moja tu, ukaacha upande wa ndani mtupu. Kidole gumba cha kushoto kikanyanyuka juu ya usukani, kama mtu anavyomwashiria mwenzake: pita.

"Mlango," alisema Injinia Mshamu redioni. "Tusa, mlango."

Alijua. Alijaribu kuubishia, akavuta usukani kulia, lakini kubishana na mkono wa akiba katikati ya kona ni sawa na kugombana na mtu mliyebeba naye sufuria ya uji wa moto. Gari jekundu la Desderi Komba likaingia pale palipoachwa, likapita bila hata kugusana, likamezwa na ukungu.

"Haya," Mshamu alisema. "Ameingia, amekunywa na chai, ametoka. Lilete gari nyumbani, zamu yako imekwisha."

*

Mbio za ustahimilivu zina desturi zake, na mojawapo ni hii: anayetoka garini ndiye humfunga mikanda anayeingia. Si fundi, si daktari. Ni wewe uliyetoka, ukiwa bado unatetemeka, unainama juu ya mwenzako, unamkaza begani na kiunoni, na unamwambia neno moja la kweli kuhusu gari. Ukimdanganya, utayasikia madhara yake ukiwa umekaa unakunywa maji.

"Shikamoo, dada," Lwidiko alisema akiwa tayari kitini. Alikuwa kijana wa Njombe, msimu wake wa kwanza, kimya kama mtu aliyekuja kuposa.

"Marahaba. Linateleza nyuma penye maji, usiliamini kona ya nane." Akamkaza mkanda wa mwisho. "Nimekupa gari likiwa la pili. Nisamehe."

"Hamna shida, dada. Nitalirudisha."

Na kwa kweli mtoto yule alikuwa anaweza. Yeye hakuwa na mkono wa akiba. Mikono ya wa umri wake ilikuwa bado inavunwa. Kila msimu wa vijana, kwenye yale magari madogo ya kiti kimoja, dereva huvalishwa glavu na kiti chenye nyuzi, na kila anachokifanya mwili wake huhifadhiwa. Chama cha mbio kilianza kufanya hivyo kwa ajili ya usalama. Baadaye watu wakagundua kuwa kile kilichohifadhiwa hakikuwa picha, kilikuwa kama mche: ukikivalisha mwili kinaendelea kuota, kinajifunza lami mpya na tairi mpya, bila kusahau kilikotoka. Ndipo wazee wakaruhusiwa kurudi barabarani wakiwa wamevaa ujana wao wenyewe. Sheria ilikuwa moja, na ilitungwa baada ya wezi kuuza mikono ya watu kama mitumba: mkono mmoja, nakala moja, basi.

Kwenye hema la timu Mshamu alikuwa amekwisha kuuweka mkono wa Tusa juu ya kioo. Ulionekana kama mti usio na majani, matawi maelfu. Tawi moja, si nene, lilikuwa linang'aa rangi ya chungwa.

"Hili hapa," alisema. Mshamu Kibinda alikuwa mtu wa Kilwa, mpole, aliyezoea kusema maneno mazito kama anaomba chumvi. "Kona ya tano. Nikipogoa hapa, mlango unafungwa. Ni kazi ya muda mfupi, Lwidiko akirudi tumemaliza. Ninachohitaji ni kiganja chako."

"Na likishapogolewa?"

"Halioti tena. Unajua."

Tusa alijua. Alikaa kwenye kreti la betri, akavua buti moja, akasahau ya pili.

Baba yao, mzee Mwakalobo, alikuwa dereva wa malori ya chai ya Rungwe, na ndiye aliyewatengenezea watoto wake wawili vigari vya kwanza kwa vyuma alivyookota. Walivifanyia mazoezi uani pa soko la viazi, Jumapili, ibada ikiisha. Ambokile, kaka yake, alikuwa amemtangulia Tusa miaka miwili na hakuwa na kasi kama yake, na hilo lilijulikana nyumbani tangu mwanzo; lakini kulikuwa na kona moja, kwenye rundo la magunia, ambapo alikuwa akimpita kila anapotaka. Siku moja Tusa akamfungia. Vigari vikagongana, Ambokile akang'oka jino. Mzee hakupiga mtu. Alivifungia vigari stoo, akawaita wote wawili, akasema: Duniani humo fungieni wote, hata mchungaji. Mlango wa nduguyo haufungwi. Atakayefunga, haendeshi tena katika nyumba hii.

Wakakua na hilo. Walipofika magari ya kiti kimoja, Isyonje hapohapo, kona ya tano ikawa rundo lao la magunia. Tusa aliyekuwa mbele alisogea, akanyanyua gumba. Ambokile akapita akicheka ndani ya helmeti, na kwenye mteremko wa kona ya saba Tusa akalirudisha lake. Wenzao waliudhika. Walikuwa wakipaita pale mlango wa akina Mwakalobo, na waliokuwa na akili walijifunza kupita humo humo nyuma ya Ambokile.

Mwisho wa msimu ule mkono wa Tusa ulivunwa, ukafungwa, ukapelekwa ghalani. Mvua za kwanza zilipoanza, Ambokile akaugua homa ya uti wa mgongo. Jumatatu alilalamika kichwa. Jumapili walimzika.

Tusa alikuwa bingwa wa vijana mwaka uliofuata, mkono wake ukiwa umekwisha kuvunwa na hauvunwi mara mbili, na hakumkumbuka hata mtu mmoja aliyempongeza. Alipelekwa Ulaya, madaraja ya juu. Akawa dereva wa kujaribu magari ambayo wengine walishinda nayo, miaka na miaka, akila chakula kisicho na pilipili na kuzungumza na mama yake kwa simu. Alifunga milango ya watu huko bila huruma. Kisha akashuka taratibu hadi kwenye mbio za ustahimilivu, huko waendako madereva ambao kasi imeanza kuwaaga lakini hamu haijawaaga. Isyonje yenyewe iliota magugu. Mwaka huu ndipo ilipofunguliwa tena, na mwezi uliopita ndipo alipovaa mkono wake wa akiba hapa kwa mara ya kwanza. Kona ya tano ilipofika, gumba likanyanyuka lenyewe. Alisimamisha gari kwenye majani na kulia mpaka mafundi wakadhani ameumia.

Kwa maana mkono ule haukupata habari za msiba. Ulifungwa Ambokile akiwa hai, na kwa mkono ule bado alikuwa nyuma kidogo, upande wa kulia, anakuja.

"Asiyekuwapo na lake halipo, Tusa," Mshamu alisema. "Sisemi kwa ubaya."

"Lake lipo, Mshamu. Lipo kona ya tano."

"Sawa. Lakini huyo binti humo ndani haumii. Hajui hata kama amekatwa."

"Ndiyo maana. Asiyejua ndiye hafai kuibiwa."

Mshamu akavuta pumzi, akavuta na kiti. "Nisikilize basi. Wenye timu wamesema wazi: tusiposhinda hapa nyumbani, mwakani hakuna timu. Mimi nitarudi Kilwa, jenereta za kutengeneza hazikosekani. Wewe umekula chumvi nyingi, una jina lako. Yule kijana je? Hana mkono ghalani, hana baba wa malori, ana hiki kiti tu. Unamlinda marehemu, hilo ni jambo la heshima. Nani anamlinda aliye hai?"

Hapo ndipo Mshamu alipomshika. Tusa alitazama nje. Lwidiko alikuwa anapita mbele ya jukwaa, na wale watu wa Mbeya, wamejifunga mablanketi, wakainuka wote kwa pamoja: alikuwa amelipita gari jekundu, sasa likiwa mikononi mwa dereva mwenza wa Komba. Kijana alisema atalirudisha, na amelirudisha.

Tusa akaweka kiganja juu ya kioo. Kioo kikapata joto. Tawi la chungwa likaanza kumetameta, likingoja. Mshamu akageuza uso. Alikuwa na adabu hiyo.

Alichokiona Tusa si jino wala magunia. Alisikia kicheko kile cha ndani ya helmeti, ambacho kwa kweli hakuwahi kukisikia, kwa maana injini zilikuwa zinalia. Alikijua kwa jinsi kichwa cha Ambokile kilivyokuwa kikitikisika anapompita. Mwili wake wa sasa haukukumbuka sawasawa kilitikisikaje. Ule mkono ulikumbuka.

Akaondoa kiganja.

"Naomba nipumue kwanza," alisema.

*

Desderi Komba alimkuta nyuma ya hema, amesimama na buti moja. Alikuja na vikombe viwili vya chai ya tangawizi, mtu mzima mwenye kitambi chake, aliyeendesha nao tangu vijana.

"Ndaga," alimsalimia kwa Kinyakyusa kibovu cha Mngoni, kama alivyomtania miaka yote. "Kunywa. Halafu nikuambie kitu, usinimwagie."

"Sema."

"Nimepita mlango wa marehemu tangu asubuhi, na sijisikii vizuri. Mara ya kwanza nilidhani umekosea. Ya pili nikaona gumba." Akapuliza chai yake. "Nilikuwepo siku tuliyomzika. Nilibeba upande wa miguu."

"Nakumbuka."

"Sasa jioni mimi na wewe ndio tutamalizia. Ukiuacha wazi, nitapita. Nina wenzangu pia wananitazama. Mimi ni dereva, si katekista." Akamtazama usoni, na macho yake yalikuwa yamelowa bila aibu. "Ila nakuomba, dada, usiuache wazi. Usinifanye nishinde kwa kupitia pale."

Tusa alikunywa chai yote kabla hajajibu. Ilikuwa tamu mno, kama chai ya msibani.

"Wewe kazana tu, Desderi," alisema. "Ukifika, utakuta mtu."

Aliporudi ndani, Mshamu alikuwa bado ameushikilia ule mti kiooni. Tusa alivaa buti yake.

"Zima mkono," alisema.

"Nipogoe?"

"Uzime. Uache kama ulivyo, matawi yote. Nitaendesha mwenyewe."

Mshamu alimtazama kama mtu aliyeambiwa tuogelee mpaka Mafia. "Tusa. Bila mkono unapoteza kila mzunguko. Komba anao wake, na wake hauna mlango. Lwidiko hata akikuachia nafasi nzuri, itakwisha kabla ya jua kuzama."

"Najua."

"Na akikufikia kona ya tano?"

"Nitaufunga mimi."

"Umewahi kuufunga?"

Akafikiri, akajibu kweli. "Hapa? Sijawahi. Tangu lile jino la Ambokile kule uani, sijamfungia tena. Lakini kama lazima ufungwe, Mshamu, afunge anayejua kuwa mwenye mlango amekufa. Yule binti wa ndani ya mkono mwacheni."

*

Lwidiko alipotoka garini alikuwa ameiva uso mzima. Alimwinamia Tusa, akamkaza mikanda. Mshamu alikuwa amemwambia kuwa mkono umezimwa, ilionekana.

"Neno la gari," Tusa alimkumbusha.

"Gari ni zuri, dada." Akasita. "Kona ya tano, ndani kuna unyevu ambao haukauki. Atakayeingia humo kwa nguvu ataponea kwa Mungu."

"Asante."

"Dada, mimi... kama utashindwa, sitakulaumu."

"Utanilaumu kidogo," Tusa alisema. "Ni haki yako. Funga mlango."

Akatoka. Glavu zilikuwa zilezile, lakini nyuzi zilikuwa baridi, na usukani ulikuwa chuma na mpira tu. Jamani, alikuwa amesahau jinsi gari lilivyo zito mtu akiwa peke yake. Breki aliishika mapema, kila mahali, na kila mahali alijisikia aibu. Mbavu zilimkumbusha mwaka fulani wa Ureno. Mvua nyepesi ilianza kunyesha na kuacha, kunyesha na kuacha, mvua ya Mbeya isiyo na msimamo, na kwenye kila mzunguko Mshamu alisoma umbali wa Komba kwa sauti ya mtu anayesoma majina ya wagonjwa. Unapungua. Unapungua. Umepungua tena.

Alichokuwa nacho ni ile subira ambayo binti wa miaka kumi na saba hana. Aliipumzisha tairi pale ambapo mkono ungeikwaruza, akawapita waliozidiwa mizunguko bila papara, akatunza betri. Kona ya tano aliipita peke yake mara nyingi, na kila mara aliipita katikati, hajafunga wala hajaacha, kama mtu anayekanyaga pembeni mwa mkeka.

Jua lilikuwa limegusa milima ya Mbeya wakati taa za gari jekundu zilipojaa kwenye kioo chake.

"Mzunguko wa mwisho," Mshamu alisema. Kisha, kwa upole, "Yupo nyuma yako kabisa, mama."

Ya pili. Ya tatu. Komba akajitupa nje, akarudi. Ya nne. Kilima. Na pale, juu ya kilima, kabla lami haijapinda, Tusa aliuhisi upande wake wa kulia ukiwa mtupu, upana wa gari moja, mahali ambapo kwa miaka yote duniani hapakuwahi kuachiwa mtu mwingine ila Ambokile. Mikono yake ilitaka kusogea kushoto. Hakukuwa na nyuzi. Ilikuwa ni yeye mwenyewe, nyama na mifupa, aliyetaka kusogea.

"Nisamehe, kaka," alisema kwa sauti, na redio ilikuwa wazi, na watu wakasikia.

Akavuta kulia. Tairi zikakanyaga ule unyevu, gari likayumba nyuma, akalishika. Upande wa ndani ukafungwa mpaka kwenye ukingo mweupe. Nyuma yake Komba alikuwa tayari ameelekea pale. Alikuta mtu. Akafunga breki, akatoka nje hadi kwenye majani, na alipolirudisha gari barabarani Tusa alikuwa ameshuka mteremko wa saba.

Aliuona mstari wa mwisho, akaukata, na redioni kukawa na kelele za Lwidiko na mafundi wote, mtu analia, mtu anagonga kitu cha bati. Mshamu alikuwa anamshukuru Mungu kwa Kiarabu na Kiswahili pamoja. Mashavu ya Tusa yalikuwa yamelowa ndani ya helmeti na hakukuwa na namna ya kuyafuta.

Kuna mzunguko mmoja zaidi, wa kupoza gari, ambao hauhesabiwi. Watu hupunga, hushusha vioo. Tusa alingoja mpaka alipopita jukwaa na kelele zimebaki nyuma. Ndipo akabonyeza kitufe kwenye usukani, na nyuzi zikapata joto, kidole kwa kidole, mpaka mkono ukaamka ndani ya mikono yake.

Haukujua kuwa mbio zimekwisha. Haukujua kuwa Tusa ameshinda, wala kuwa ameufunga mlango ambao wenyewe ulikuwa umeuacha wazi. Ulikuwa na hamu ile ile. Ulitaka kwenda mbio na yeye akauomba uende taratibu, na kwa mara ya kwanza ukamsikiliza. Wakapanda kilima pamoja. Kwenye kona ya tano lami ilikuwa tupu, jua la mwisho limelala juu yake, na alama za tairi zake mwenyewe zilikuwa bado mbichi upande wa ndani.

Mkono ukasogea kushoto, upana wa gari moja. Safari hii Tusa hakuubishia. Gumba likanyanyuka.

"Tusa?" Mshamu aliita. "Mbona umepunguza? Gari lina nini?"

"Gari ni zima."

"Sasa unafanya nini hapo?"

"Napisha mtu."

Mtu wa Kilwa alikuwa anatazama kioo chake, na kwenye kioo hapakuwa na gari lolote nyuma ya Tusa.

"Haya," Mshamu alisema hatimaye. "Mpishe. Tunakusubiri."

Tusa akangoja pale, gari likitambaa, mpaka aliporidhika kuwa kaka yake amepita.